Skafu ya Sara Katika Chumba cha Tatu

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Aaltje Poldervaart anafuta viatu mbele ya mlango wa chuma, anatoa kimita chake cha kupimia hewa kwenye ndoano namba tano na kukibana kwenye kola. Anakibonyeza, kinalia mara moja. Kisha anaufungua mlango kiasi cha kupitisha bega, anapenya, na mlango unafungwa kabla mwandishi hajajua kama amekaribishwa au ameachwa nje.

Ameachwa nje. Baada ya dakika mbili Aaltje anachungulia, anamwona bado amesimama na daftari lake, anacheka.

"Ulitaka nikushikie mlango kama hotelini? Huu haushikiwi mtu. Chukua kimita kwenye ndoano ya wageni, ukibane vizuri, halafu uingie haraka."

Chumba cha tatu hakina dirisha hata moja. Mistari kumi na miwili ya stroberi imepandwa kwenye mifereji myeupe iliyoning'inizwa usawa wa kifua, na sakafuni kuna reli za mabomba ambazo vitoroli vya wavunaji hupita juu yake. Kuta ni nene kama za chumba cha barafu, lakini ndani kuna joto la kuvulia koti. Nje, kwenye maegesho ya baiskeli, ni Februari na matandiko ya baiskeli yameganda.

Saa kumi na mbili kamili taa zinawaka, safu moja baada ya nyingine, na kila kitu kinageuka rangi ya waridi, pamoja na meno ya Aaltje. Yeye hatazami taa. Anatazama vipande vya uzi mwekundu wa sufu, kila kimoja urefu wa kidole, alivyovifunga hapa na pale kwenye mifereji. Vyote vinacheza kidogo, isipokuwa kimoja cha mstari wa saba. Anakwenda kulisogeza feni la pale kwa upana wa kiganja, anasubiri, na uzi unaamka.

"Uzi ukilala, ujue hewa ya hapo imelala," anasema. "Jani linakula iliyo karibu nalo, inaisha, halafu linashinda na njaa wakati chakula kipo hatua mbili tu mbele."

Chakula anachokisema ni hewa ukaa, gesi ile ile ambayo mimi na wewe tunaitoa puani. Sisi tunaoishi Westland, hapa Uholanzi, tumezungukwa na nyumba za vioo kila upande tunaogeukia, na bado wengi wetu hatujui kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kuilisha mimea gesi hiyo. Hewa ya nje ina sehemu mia nne na ishirini hivi katika kila sehemu milioni. Katika chumba kilichofungwa namna hii, mimea ikishawashiwa taa huimaliza upesi sana. Kwa hiyo bomba huiongeza hadi ifike mia tisa, na Aaltje ndiye anayeangalia isipungue wala isizidi.

Ikipungua, stroberi hudumaa. Ikizidi kidogo, stroberi haijali. Ikizidi sana, bado stroberi haijali, ila binadamu aliye ndani huanza kuumwa kichwa, hutweta, kisha akili hulegea.

"Na akili ikishalegea, mwenyewe hajui kama imelegea," anasema Aaltje. "Ndiyo maana nakuambia hicho kimita usikivue, hata mimi mwenyewe nikikuambia uvue."

Ana miaka hamsini na miezi mitatu. Ni mwanamke mfupi, mabega mapana, nywele amezikata mwenyewe kwa kioo cha bafuni na inaonekana. Anakaa kijiji cha jirani na mumewe Cor, aliyekuwa dereva wa lori la maua hadi mgongo ulipomkatalia. Kila asubuhi kabla ya kutoka Aaltje hufungua madirisha yote ya nyumba, iwe mvua iwe theluji, na Cor hubaki kitandani amejifunika mpaka puani akimlaani kwa upole. Cor anasema mkewe hulipwa kwa kufunga hewa kazini, kisha anakuja kuifungulia nyumbani bure.

Hapa kazini aliingia akiwa na miaka thelathini na nane, kama mvunaji, kwa euro kumi na moja kwa saa. Watoto wawili walikuwa bado shuleni na Cor alikuwa ameshaanza kutembea ameshika kiuno. Aliyekuwa akiangalia hewa ya vyumba alistaafu, na Teun, mwenye kampuni, akauliza wakati wa kahawa nani anapenda hesabu. Watu wote wakatazama vikombe vyao. Aaltje naye alitazama kikombe chake, ila kilikuwa kitupu, akainua macho kutafuta birika, na Teun akadhani anajitolea.

"Sikuwa napenda hesabu," anasema. "Nilikuwa nataka kahawa nyingine."

Leo analipwa euro kumi na tisa na senti zake kwa saa. Si utajiri, anasema, lakini miaka miwili iliyopita walikwenda likizo kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba, na Cor alilala ufukweni siku tano bila kulalamika, jambo ambalo Aaltje analihesabu miongoni mwa neema kubwa za maisha yake.

Neema ni neno linalomtoka mara kwa mara. Ukimwuliza anamshukuru nani zaidi, husema Teun na buibui. Mwandishi alidhani amesikia vibaya, akauliza tena. Ni buibui kweli.

Ilikuwa mwaka wake wa kwanza kwenye kazi ya hewa. Katikati ya kila chumba, kwenye mnyororo, kunaning'inia kisanduku cheupe, ukubwa wa mkate wa boflo. Chini kina matundu, ndani kina kifeni kidogo kinachovuta hewa ya chumba na kuipitisha kwenye kipimo, na kipimo kinapeleka namba kwenye kompyuta. Kompyuta ikiona namba imeshuka, inafungua bomba. Ikiona imefika, inafunga. Kisanduku kikisema uongo, chumba kizima kinaishi kwa uongo huo.

Katika mwaka huo wa kwanza, kompyuta ilimwonyesha namba nzuri kabisa kwa siku tisa mfululizo. Mia tisa, mia tisa, mia tisa. Alijivuna hata akaupiga picha ule mstari wa namba kwenye skrini na kumtumia mama yake. Siku ya kumi majani yalikuwa yamepauka chumba kizima. Teun alikuja, akashusha kisanduku, akakifungua kwa bisibisi. Ndani, juu ya matundu, buibui mdogo alikuwa ametanda utando mzito, na hewa ilikuwa haipiti tena. Kipimo kilikuwa kinapima hewa ile ile ya siku tisa zilizopita, na mimea ilikuwa inakufa njaa.

Miche elfu tatu ilitupwa. Aaltje alikwenda kuchukua mkoba wake kwenye kabati, akijua yameisha. Teun akamwita arudi.

"Aliniambia niweke mkoba chini," anakumbuka. "Akaniambia, 'Mtazame huyu mdudu vizuri. Nimemlipia ada kubwa akufundishe, na wewe unataka kwenda kufanya kazi kwa mwingine?'"

Aaltje alimtoa buibui kwa kikombe cha karatasi, akamwacha kwenye ua wa miti pembeni mwa barabara. Tangu siku hiyo haangalii namba kwanza. Anaangalia mstari. Mstari wa chumba chenye uhai hutetemeka, anasema, kwa sababu mlango hufunguka, taa huwaka, mtu huingia akatoa pumzi yake, majani hula. Ukinyooka kabisa, hata kama umenyooka pale pale unapotakiwa, kuna kitu kimekufa mahali fulani.

Hayo yote ni utangulizi wa asubuhi moja ya Novemba iliyopita, ambayo hapa kazini watu huisema kwa sauti ya chini.

Huku kwetu mwanamke akifikisha miaka hamsini husemwa amemwona Sara, yule mke wa Abrahamu wa kwenye Biblia. Asubuhi hiyo huamka akakuta mwanasesere mkubwa wa matambara amekalishwa mbele ya nyumba, kavishwa nguo zake mwenyewe, na bango la kumtania limefungwa shingoni. Mwanamume hutengenezewa Abrahamu wake. Majirani hupita na baiskeli wakipiga kengele. Hakuna anayependa kufanyiwa, na hakuna anayesamehe akisahauliwa.

Sjaan Kouwenhoven, aliyevuna hapa kwa miaka kumi na miwili na rafiki mkubwa wa Aaltje, hakutaka Sara wa kawaida wa mbele ya nyumba. Ni mwanamke mrefu mwenye sauti ya kusikika vyumba viwili mbele, na anapopanga jambo hulipanga kama harusi. Aliamua Sara wa Aaltje akae mahali ambapo Aaltje anakaa kweli, yaani chumba cha tatu.

Saa kumi na moja na nusu asubuhi, kabla taa hazijawaka, Sjaan aliingia na ovaroli kuukuu la Aaltje alilolijaza majani makavu. Alilikalisha juu ya kiti katikati ya chumba, chini ya kisanduku cheupe, kisha akakitazama kile kisanduku na kuona kwamba Mungu amemletea kichwa. Akakichora macho na tabasamu. Akakivisha miwani na nywele za uzi wa kijivu. Lakini yale matundu ya chini yalionekana kama ndevu, na Sara hawezi kuwa na ndevu. Kwa hiyo akachukua skafu nene ya sufu, akaizungusha mara tatu na kuikaza.

"Nilijua kinapima," Sjaan alimwambia mwandishi, mikono yake yote miwili ikiwa imezunguka kikombe. "Sikujua kinavuta pumzi."

Mpango ulikuwa hivi. Saa tatu na nusu, wakati wa kahawa, Aaltje angeitwa chumba cha tatu kwa kisingizio, na wenzake saba wangeingia nyuma yake wakiimba. Keki ya matofaa ilikuwa tayari ofisini. Teun alikuwa ndani ya njama, na kazi yake ilikuwa kumweka Aaltje mbali. Akamwambia chumba cha tatu ameshakikagua mwenyewe, akamtuma jengo la pili akabadilishe vichujio vya vyumba vya huko. Aaltje alishangaa kidogo, maana Teun hakuwahi kukagua chumba hata siku moja, lakini ni siku yake ya kuzaliwa, akaona labda bosi anamfanyia wema.

Saa kumi na mbili taa ziliwaka. Nusu saa baadaye kompyuta ikauliza kisanduku hewa ukaa ni ngapi. Kisanduku, mdomo umezibwa kwa sufu, kikajibu mia sita na arobaini, hewa iliyobaki ndani yake tangu alfajiri. Kompyuta ikafungua bomba. Baada ya dakika kumi ikauliza tena. Mia sita na arobaini. Ikafungua zaidi. Bomba lile ni tawi la bomba kubwa la nyumba za vioo, lina nguvu, na chumba kile kimejengwa makusudi kisivuje hata kidogo.

Siku hizo king'ora cha ukutani nacho kilikuwa kinasikiliza kisanduku kile kile. Kilinyamaza.

Saa tatu kasoro robo Sjaan alirudi chumbani kutundika mapambo ya karatasi na maputo, na kukipamba kitoroli kimoja cha kuvunia kiwe kiti cha enzi cha mwenye siku. Sheria ya pale ni nyepesi: ukiingia unachukua kimita chako kwenye ndoano, kwa hiyo ndoano tupu ina maana mtu yumo ndani. Sjaan alijua Aaltje akipita mlangoni macho yake huanzia kwenye ndoano. Akakiacha kimita chake kimening'inia pale pale, ili siri isitoboke.

Saa tatu na dakika kumi Aaltje alirudi kutoka jengo la pili na kukaa mbele ya kompyuta. Alimkuta Teun ofisini, ameegemea mlango, na uso wa mtu aliyeficha zawadi mgongoni.

Mstari wa chumba cha kwanza ulikuwa unatetemeka. Wa pili nao. Wa tatu ulikuwa umenyooka toka saa kumi na moja na nusu, kama umechorwa kwa rula. Namba ilikuwa ya chini, na namba ya chini haimtishi mtu. Ila pembeni yake iliandikwa kwamba bomba limefunguka lote, asilimia mia, kwa zaidi ya saa mbili.

Alimwuliza Teun ni nani ameingia chumba cha tatu leo. Teun akasema hakuna, wanywe kwanza kahawa, hizo namba hazikimbii. Aaltje akasimama. Teun, akidhani shoo inataka kuharibika, akanyoosha mkono kuziba mlango huku anatabasamu.

"Teun, toka mlangoni," Aaltje akamwambia. "Yule buibui amerudi."

Tabasamu likamtoka Teun. Akasema jina la Sjaan, mara moja tu, na Aaltje akaanza kukimbia.

Kwenye ukumbi alitazama ndoano. Vimita vyote vilikuwepo. Alikata bomba kwa koki ya nje, akapiga kwa ngumi kitufe chekundu kinachowasha feni kubwa la kutoa hewa nje, akabana kimita chake mwenyewe na kuuvuta mlango wazi. Hakuwa ameingia hata unyayo mmoja, kimita kikaanza kupiga kelele. Namba zilipanda hadi elfu hamsini na kusimama hapo, kwa kuwa chombo kile hakihesabu zaidi.

Hatua sita ndani, kwenye mstari wa nne, Sjaan alikuwa amekaa kwenye kiti cha enzi. Kidevu kilikuwa kifuani na utepe wa karatasi za rangi ulikuwa mapajani. Nyuma yake, katikati ya chumba, Sara alikuwa anatabasamu.

Aaltje amefundisha watu wengi kwamba usiingie. Anayeingia kumtoa mwenzake huanguka juu yake, na hapo wanakuwa wawili. Anasema miguu yake ilitaka kwenda na yeye alikuwa ameishika. Aliita jina la rafiki yake mara tatu kwa ukali wa kumwamsha mtoto wa shule. Kichwa cha Sjaan kilisogea kidogo, kikarudi.

Ndipo macho yake yakaangukia reli. Kitoroli cha kuvunia hupita juu ya reli, na reli za mstari wa nne zinaishia mlangoni. Ukutani kuna mti mrefu wenye ndoano ya chuma, wa kushushia mifereji. Aliuchukua, akavuta pumzi ya ukumbini, akaibana, akapiga magoti kizingitini na kuusukuma mti ndani hadi mwisho wa mikono yake. Mara ya kwanza ndoano ilipita pembeni. Mara ya pili ilinasa mapambo tu, yakakatika. Mara ya tatu ilishika mguu wa kitoroli.

Akavuta. Kitoroli kikaja, taratibu, magurudumu yakilia kwenye reli, na Sjaan juu yake kama malkia aliyesinzia, maputo manne yakimfuata. Teun alikuwa amefika, akamshika chini ya makwapa, wakamburuta wote wawili hadi nje kwenye maegesho ya baiskeli, wakamlaza kwenye lami yenye maji.

"Niliweka kiganja mbele ya pua yake," anasema Aaltje. "Sikusikia kitu. Mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi kwa ule mti. Nikabadilisha mkono. Hapo ndipo pumzi ikaja, ya haraka, ya moto. Sijawahi kupewa zawadi kama ile siku ya kuzaliwa."

Gari la wagonjwa lilimchukua Sjaan. Alilazwa siku moja, akaumwa kichwa siku nne, na maneno yake ya kwanza yenye maana, kwa mujibu wa mhudumu aliyekuwa naye garini, yalikuwa kuuliza kama keki imekatwa bila yeye.

Watu saba walikuwa waingie chumba kile saa tatu na nusu, wakiimba, yaani wakivuta pumzi za nguvu. Teun huirudia hesabu hiyo bila kuulizwa. Yeye ni mtu wa maneno mafupi, lakini alimwambia mwandishi kwamba wakati mwingine akiwa anaendesha gari huwaona wote saba kwa majina, na hulazimika kuegesha pembeni. Anasema ule utando wa buibui ulimgharimu miche elfu tatu, na hajawahi kununua kitu kwa bei rahisi hivyo.

Leo chumba cha tatu kina visanduku vitatu, na kila kimoja hakimwamini mwenzake. King'ora kina kipimo chake peke yake. Mlango haufunguki mpaka kimita kiwe kimetoka kwenye ndoano. Aaltje aliyadai hayo yote kwa barua ya mistari minne, na Teun aliyaweka ndani ya wiki mbili. Skafu imetundikwa ofisini kwenye msumari, na kila mfanyakazi mpya huonyeshwa na kusimuliwa na Sjaan mwenyewe, kwa sauti yake ile, bila kujificha hata kidogo.

Kati yao wawili mambo hayakuwa mepesi mwanzoni. Sjaan aliona haya, akawa anapita mbali. Aaltje naye alikuwa na hasira ambayo hakujua aiweke wapi, kwa kuwa aliyemkasirikia ndiye rafiki ambaye nusura ampoteze. Wiki ya tatu alimfuata kwenye meza ya kahawa.

"Nikamwambia, 'Shoga, ulitaka kufa siku yangu ya kuzaliwa. Kila mwaka ningekula keki nalia. Una roho mbaya wewe.'"

"Nami nikamwambia, 'Lakini Sara alipendeza,'" anadakia Sjaan.

"Alipendeza kweli," Aaltje anakubali.

Tangu hapo, kila Jumatano Sjaan hupita kwenye gari la samaki la sokoni Naaldwijk na kumletea Aaltje vipande vya samaki wa kukaanga na mchuzi wa kitunguu saumu. Aaltje amemwomba aache, ameongezeka kilo tatu. Sjaan anasema deni la pumzi halilipwi kwa saladi. Cor, ambaye hupelekewa vipande vinavyobaki, yuko upande wa Sjaan.

Mwandishi alimwuliza Aaltje kama hakufikiria kuacha kazi. Alikwangua kitu kwenye meza. Alisema alifikiria, usiku mbili tatu, kisha akakumbuka kwamba mtu mwingine angekaa mbele ya ile kompyuta, na huyo mtu angeangalia namba. Hajivuni. Anashukuru tu kwamba siku Sjaan alipokaa kwenye kile kiti, aliyekuwa zamu ni mtu aliyewahi kukosea vibaya na hakufukuzwa.

Tarehe ishirini na sita mwezi huu Sjaan naye anafikisha hamsini. Kazi ya kumtengeneza Sara amepewa Aaltje, na hakuna aliyethubutu kuiomba. Ovaroli limeshajazwa majani makavu, nywele za uzi zimeshonwa, na mdomo amechorwa wazi, mkubwa, wa mtu anayepiga kelele. Sara huyu hatakaa chumba chochote. Atakaa juu ya tuta la mfereji wa maji nyuma ya maegesho, mahali ambapo upepo wa bahari hauna hata mti mmoja wa kuuzuia.

Sherehe nayo itakuwa huko huko, saa tatu na nusu, viti vimepangwa duara kama tunavyopanga sebuleni, kila mtu na koti lake na kisahani cha keki magotini. Keki itakuwa na mishumaa hamsini. Teun amelalamika kwamba kutakuwa na baridi ya kukata masikio, kahawa itapoa kabla ya kufika mdomoni, na upepo utazima mishumaa yote kabla ya mwenye siku kuinama.

"Ukizima tutawasha tena," anasema Aaltje. Anatoa kimita kwenye kola na kukirudisha kwenye ndoano namba tano. "Nimetaka iwe nje kwa sababu moja tu. Februari, mtu akipuliza nje, pumzi yake unaiona, nyeupe. Novemba ilibidi niitafute kwa kiganja. Safari hii nataka nikae kwenye kiti changu na kahawa yangu, niiangalie inavyomtoka."